Chambord au Cheverny? Ukiwa na siku moja kwenye misitu ya Sologne

Mtu akianza kupanga safari ya makasri ya Ufaransa, jina la kwanza kumtoka mdomoni ni Chambord. Hana kosa, maana ndilo lililojaa kwenye kadi za posta. Lakini mwendo wa chini ya kilomita 20 kutoka hapo, upande wa pili wa msitu, kuna Cheverny, na wengi hugundua habari zake wakiwa tayari wamechoka, wamebakiwa na saa moja, na miguu haitaki tena. Wengine hubana yote mawili katika siku moja na kuongeza kasri la Chenonceau jioni. Hao hurudi na picha nyingi ila ukiwauliza waliona nini, wanababaika.

Msimamo wangu nautaja mapema ili usisome kwa kubahatisha: ukiwa na siku nzima, nenda Chambord. Ukiwa na nusu siku, nenda Cheverny wala usijute. Umaarufu weka kando kwanza, hesabu saa ulizo nazo na watu unaoongozana nao.

Nianze na msitu wenyewe, kwa sababu bila huo makasri haya hayaeleweki. Sologne iko kusini mwa mji wa Orléans, kati ya mto Loire na mto Cher, eneo la hekta zinazokaribia 500,000. Juu ni mchanga, chini ni udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda. Ndiyo maana kuna mabwawa kama 3,000, mengi yakiwa yamechimbwa na watu tangu enzi za kati kwa ajili ya kufugia samaki. Na palipo na maji yaliyotuama pana mbu. Kwa karne nyingi wakulima wa Sologne waliishi na malaria, ile ile tunayoijua sisi. Ni katika karne ya 19 tu, hasa chini ya Napoléon wa Tatu, kaizari wa Ufaransa, ambaye alikuwa na mali yake huko Lamotte-Beuvron, ndipo mifereji ilipochimbwa, barabara zikakatwa na misonobari ikapandwa kwa wingi. Ukiendesha gari humo leo ukaona miti imesimama kama imekuwepo tangu Adamu, jua kwamba mingi ni ya juzi juzi.

Ardhi hiyo haikufaa kwa ngano, ila wanyama waliipenda, na palipo na wanyama wafalme hufika. Chambord ilizaliwa na uwindaji. Cheverny bado inawinda hadi leo.

Chambord: kasri la mfalme ambaye hakukaa

François wa Kwanza alitwaa kiti cha ufalme mwaka 1515 akiwa na umri wa miaka 20, na mwaka huo huo akashinda vita vya Marignano kule Italia. Alirudi na tamaa ya kila kitu cha Kiitaliano. Alimwalika Leonardo da Vinci, ambaye aliishi miaka yake ya mwisho katika mji wa Amboise na kufariki hapo Mei 1519. Mwaka huo huo wa 1519 ujenzi wa Chambord ulianza. Hakuna karatasi yenye saini ya Leonardo inayosema kasri hili ni kazi yake, lakini wasomi wengi wanaiona akili yake ndani ya jengo, na zaidi ya yote kwenye ngazi.

Ngazi hizo ndizo sababu tosha ya kufunga safari. Ziko katikati kabisa ya kasri, mahali ambapo kumbi nne zinakutana na kufanya umbo la msalaba. Ni ngazi mbili zilizosokotana kuzunguka nguzo moja iliyo tupu ndani, na kila moja ina mlango wake wa kuingilia. Mkiwa wawili, mmoja apande hii na mwingine ile. Mtaonana kupitia madirisha ya nguzo ya katikati, mtaitana, mtacheka, lakini hamtakutana mpaka mfike juu. Watoto huirudia mara tatu, nne, na sijaona mtu mzima akiwalaumu.

Ukifika ghorofa ya pili, usikimbilie juu kwanza. Inua macho. Dari ni la mawe yaliyochongwa miraba, na ndani ya kila mraba kuna herufi F yenye taji au mjusi wa salamanda, alama ya mfalme, anayesemekana kuumeza moto mwema na kuuzima moto mbaya. Mengi kati ya hayo hupitwa na wageni wanaotazama simu.

Kisha paa. Hapa ndipo ninapowaambia watu watumie saa nzima. Ukitoka nje juu unajikuta kwenye mtaa: dohani, viminara, ngazi ndogo, madirisha, vyote vimesongamana angani, na mnara wa katikati ukipanda hadi mita 56 kutoka chini. Sogea karibu na dohani yoyote uitazame kuta zake. Jiwe ni jeupe, laini, la bonde la Loire. Juu yake wamebandika vipande vya jiwe la kuezekea, jeusi linaloelekea buluu, vilivyokatwa duara, mraba na almasi. Mafundi walitaka kupata mwonekano wa marumaru za Italia bila marumaru, na kwa mbali ukiangalia wamefaulu. Kutoka hapo juu wanawake wa ikulu walitazama wawindaji wakitoka na kurejea, na wewe utaona msitu ule ule umezunguka kila upande.

Sasa kasoro, au kile ambacho wengi hukiita kasoro: ndani kumejaa nafasi. Kasri lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282, lakini sehemu kubwa ni kuta na mwangwi. Samani ziliuzwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Vipo vyumba vilivyopambwa upya, kama vile vya Louis wa 14, ambaye mwaka 1670 alitazama hapa onyesho la kwanza la mchezo wa mwandishi wa tamthilia Molière. Lakini ukitarajia dhahabu na mapazia kila mlango, utavunjika moyo. Mimi natetea utupu huo. François mwenyewe hakukaa Chambord zaidi ya wiki chache katika utawala wake wa miaka 32. Alipokuja, vitanda, makasha na mazulia ya ukutani vilipakiwa kwenye mikokoteni, vikashushwa, na alipoondoka vikapakiwa tena. Yaani hata yeye alilikuta tupu. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, utupu huo ukapata kazi: hazina za jumba la makumbusho la Louvre zilihamishiwa hapa, Mona Lisa ikiwemo.

Kuna kasoro ya kweli pia. Ardhi ile ya mfinyanzi niliyoitaja husinyaa wakati wa ukame, na kuta husogea nayo. Bawa la François wa Kwanza lilifungwa mwaka 2023 kwa sababu ya hatari hiyo. Kabla ya kukata tiketi, angalia kilicho wazi.

Na nje ya kuta? Hapo Chambord haina mpinzani. Eneo lake ni hekta 5,440, limezungushiwa ukuta wa kilomita 32, likiwa na ukubwa unaozidi kidogo nusu ya ule wa jiji la Paris. Sehemu kubwa ni hifadhi isiyoingiwa, lakini hekta kama 1,000 ziko wazi kwa kila mtu bila tiketi, na kuna vibanda vya mbao vya kutazamia wanyama. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Misitu mingi ya Sologne ni mali ya watu binafsi, na kwa miaka mingi wenye mali waliizungushia nyaya ndefu hadi kulungu wakashindwa kupita. Sheria ya Februari 2023 iliamuru nyaya hizo zishushwe na ziachwe na upenyo chini kwa ajili ya wanyama. Hata hivyo, mgeni asiye na mwenyeji hupata shida kuingia msituni kwa miguu, na Chambord ni mahali ambapo unaingia tu.

Kama unaweza kuchagua mwezi, chagua katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba. Ndio wakati kulungu dume wanapowania majike, na jioni au alfajiri utawasikia wakinguruma. Sauti ni nzito, ndefu, inatoka tumboni. Aliyezoea simba wa mbugani hatatetemeka, lakini atasimama asikilize.

Cheverny: nyumba yenye wenyewe

Cheverny haikufichi kitu. Unaingia getini, kasri lote linakutazama mwisho wa nyasi: jeupe, limenyooka, upande wa kulia ni sawasawa na wa kushoto. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 17 na Henri Hurault na mkewe Marguerite, kwa jiwe la Bourré ambalo sifa yake ni kuzidi kuwa jeupe kadiri linavyozeeka. Ukoo wa Hurault umeshika mahali hapa kwa zaidi ya karne sita, ukitoa vipindi vichache, na wazao wao bado wanaishi hapo. Walifungulia umma milango mwaka 1922, wakiwa miongoni mwa wenye makasri wa mwanzo Ufaransa kufanya hivyo.

Tofauti na Chambord unaipata sekunde ya kwanza ukiingia ndani. Hapa kila chumba kina vitu vyake. Meza ya chakula imeandaliwa. Mbao za ukutani zimechorwa na Jean Mosnier, mchoraji wa mji wa jirani wa Blois, zikiwa na visa vya Don Quichotte. Ukumbi wa silaha una deraya na zulia kubwa la ukutani lililofumwa katika karakana za Gobelins. Chumba cha mfalme kimepambwa kuanzia sakafu hadi dari hadi huoni pa kupumzisha jicho. Halafu unageuka, na juu ya kabati kuna picha za familia, za harusi, za watoto wa siku hizi. Kwenye chumba cha watoto kuna farasi wa mbao wa kubembea wa enzi za Napoléon wa Tatu. Mama zetu na shangazi zetu wanaokuja kututembelea hupenda chumba hicho kuliko taji lolote, kwa sababu kinajibu swali ambalo makasri mengine hayajibu: watu hapa waliishi vipi?

Ziara ya ndani ni fupi. Saa moja na nusu inatosha bila kukimbia, na vyumba kadhaa vizuri viko ghorofa ya chini, hivyo mzee asiyeweza ngazi hatabaki nje akilinda mikoba.

Kitu kinachowavuta watu Cheverny kuliko samani ni mbwa. Wapo kama mia moja, wa kuwinda, warefu, wenye rangi tatu, mchanganyiko wa damu ya Kifaransa na ya Kiingereza. Saa tano na nusu asubuhi ndipo hupewa chakula, na umati hujipanga kwenye uzio mapema. Mtunzaji humwaga na kupanga chakula kwa mstari mrefu sakafuni huku mbwa wakisubiri, wakilia, wakipandana, lakini hakuna anayevuka mpaka apewe ruhusa. Kisha anaachia, na kwa dakika chache hakuna kinachosikika isipokuwa taya. Kuna uzio kati yenu na wao, kwa hiyo asiyetaka kuguswa na mbwa, iwe kwa dini au kwa woga, hana wasiwasi. Ratiba hubadilika kwa msimu, ithibitishe kabla ya kwenda.

Siwezi kuwataja mbwa nikanyamaza juu ya kazi yao. Wanatumika kuwinda kulungu kwa farasi na tarumbeta, desturi ambayo Uingereza imeipiga marufuku na Ufaransa bado inairuhusu, huku Wafaransa wenyewe wakigombana juu yake. Karibu na banda lao kuna ukumbi ambao kuta na dari zake zimejaa pembe za kulungu, zikihesabiwa kama 2,000. Wapo wanaotoka humo wakistaajabu na wapo wanaotoka wakiwa wamesononeka. Mimi ni wa kundi la pili, ila bado nasema ingia, maana bila ukumbi huo hutaelewa Sologne inaishi kwa kitu gani.

Watoto watajua Cheverny kwa sababu nyingine. Mchoraji Mbelgiji Hergé alilichukua kasri hili, akaliondolea mabawa mawili ya pembeni, akalifanya nyumba ya kapteni katika katuni za Tintin. Kuna maonyesho ya kudumu yanayohusu nyumba hiyo ya kwenye katuni. Msomaji kutoka Kongo ana haki ya kuwa na kinyongo na Tintin, kwa jinsi Wakongo walivyochorwa katika katuni za mwanzo za miaka ya 1930. Maonyesho yako mbali na kisa hicho, na tiketi yake inauzwa kwa hiari, hivyo unaweza kuyapita tu.

Bustani ni nzuri, hasa wakati wa tulipu, Aprili. Msitu wa Cheverny upo, lakini ni wa kutembezwa zaidi kuliko wa kupotelea.

Pesa, miguu na usafiri

Familia yenye watoto wakubwa ifanye hesabu vizuri. Chambord ni mali ya taifa na walio chini ya miaka 18 wakija na familia huingia bure. Cheverny ni mali ya watu, na watoto hulipa, isipokuwa wale wadogo sana. Mzazi mwenye vijana watatu wa sekondari atahisi tofauti hiyo. Kwa upande mwingine, maegesho ya Chambord yanalipiwa, na serikali ya Ufaransa iliiweka Chambord kwenye orodha ya maeneo ambayo kuanzia 2026 wageni wanaotoka nje ya Eneo la Kiuchumi la Ulaya (nchi za Umoja wa Ulaya, Norwei, Iceland na Liechtenstein) wanatozwa tiketi ya bei ya juu. Ukitoka Dar, Nairobi au Muscat, hilo linakuhusu. Mwenye kibali cha kuishi katika nchi hizo abebe kibali hicho na kitambulisho.

Kwa wazee, wajawazito na wanaobeba mtoto mgongoni, Cheverny. Chambord bila kupanda ni nusu ya Chambord, na kupanda ni kwa ngazi. Siku ya mvua, Cheverny pia, kwa sababu paa la Chambord kwenye mvua linateleza na upepo wake hauna huruma. Wakati wa baridi, vaa koti zito Chambord hata ukiwa ndani, meko 282 hayo yote usiyategemee. Kwa anayependa ujenzi, historia ya wafalme, kupiga picha au kutembea msituni, sina la kujadili naye: Chambord, na afike milango inapofunguliwa, kabla ya mabasi ya watalii.

Bila gari, kituo chenu ni Blois. Treni inatoka Paris, kituo cha Austerlitz, na huchukua kama saa moja na nusu. Kituo cha kushukia kimeandikwa Blois-Chambord, na jina hilo limewaponza wengi: kasri halipo hapo, kuna zaidi ya kilomita 15 mbele. Kuanzia masika hadi vuli kuna basi la kuzungusha watalii kutoka kituoni hadi Chambord na Cheverny. Miezi ya baridi usilitegemee, andaa pesa ya teksi au kodi gari. Safari ya basi ni chache kwa siku, na hii ni sababu nyingine ya kuchagua kasri moja ukalimaliza, badala ya kukaa kituoni ukiangalia saa.

Baiskeli ni njia nzuri kuliko zote kwa wenye nguvu. Njia zimewekewa alama, ardhi ni tambarare kabisa, na kati ya makasri haya mawili utapita Bracieux, kijiji chenye soko la mbao la karne ya 16, mahali pazuri pa kula mchana. Anayeepuka nguruwe na mvinyo aulize mapema, kwa sababu vyakula vya Sologne vimejaa nyama ya porini na nguruwe mwitu ni mmoja wao. Samaki wa mabwawani huwapo, na pai ya tufaha iliyopinduliwa, ambayo asili yake ni Lamotte-Beuvron, haina utata.

Onyo moja la msituni. Kuanzia vuli hadi mwisho wa Februari watu wanawinda kwa bunduki. Ukikuta kibao barabarani kimeandikwa *Chasse en cours*, uwindaji unaendelea: usiache njia, usiingie vichakani kutafuta uyoga. Na jioni ukiendesha gari, punguza mwendo. Kulungu haangalii kulia na kushoto.

Ukipata siku ya pili

Usirudi Paris, na usikimbilie Chenonceau bado. Kuna makasri mawili madogo ndani ya msitu huu ambayo mabasi makubwa huyapita. Beauregard, karibu na Cellettes, lina ukumbi wenye picha 327 za watu maarufu wa Ulaya, safu juu ya safu, na sakafu ya vigae vya Delft inayoonyesha jeshi zima likiwa kwenye gwaride. Atakayependa historia atakaa humo kuliko alivyopanga.

Villesavin nalipenda zaidi. Ni jengo la chini, tulivu, lililojengwa kati ya 1527 na 1537 na Jean Le Breton, mtu wa fedha aliyesimamia ujenzi wa Chambord kwa niaba ya mfalme. Alikuwa na mafundi wa Kiitaliano mkononi, mawe yakipita mbele yake kila siku, na huku kasri la mfalme likiendelea naye akajijengea la kwake. Ukilitazama baada ya Chambord utatambua mikono ile ile kwenye nakshi za madirisha, ila kwa kipimo cha mtu anayetaka kulala hapo. Banda lake la njiwa bado limesimama, lina vishimo 1,500 vya viota na ngazi inayozunguka ndani. Miezi ya baridi hufungwa, hivyo lipange kati ya masika na vuli, na liweke asubuhi, kwa baiskeli kutoka Bracieux hata nusu saa haifiki.